Koti la Razia kwa mvua za Septemba

Anayebuni nguo za msimu kwa kumwangalia Razia, aliyetawala Delhi kuanzia 1236 hadi 1240, aanze na koti. Taji na vito aviache. Minhaj Siraj, mwanahistoria aliyeishi zama zilezile, ameandika kwamba Razia aliacha mavazi ya kike, akavaa kaba na kofia, akajitokeza mbele ya watu, na alipopanda tembo kila mtu alimwona. Baba yake, Iltutmish, ndiye aliyemteua kumrithi akawapita wanawe wa kiume. Picha zinazomwonyesha amejaa mikufu zilichorwa karne nyingi baadaye. Ukizifuata utaishia kushona nguo ya bibi harusi.

Kaba hiyo si ile ya shingo ya kanzu. Ni koti refu la wapanda farasi: limekaa vizuri kifuani, ubavu mmoja wa mbele unapita juu ya mwingine, na chini limeachwa huru mguu upate kupanda. Kwa Kampala hilo ni jambo kubwa, maana mvaaji atapanda bodaboda.

Kitambaa kiwe drili ya pamba ya gramu 200 hadi 240 kwa mita ya mraba. Nyepesi zaidi ya hapo, ubavu wa mbele unalegea. Nzito zaidi, haikauki siku za mvua za Septemba hadi Novemba. Kwa koti la urefu wa sentimita 105, nunua mita 2.7 za upana wa sentimita 150. Kitambaa chenyewe kinatosha kwa mita 2.5, lakini lazima ukiloweke na kukikausha kabla ya kukata, na pamba ambayo haijafuliwa husinyaa. Huko Kiyembe, mtaa wa maduka ya vitambaa Kampala, kabla ya kulipa, sugua pembe ya kitambaa kwa kitambaa cheupe chenye maji. Nyekundu nzito ikichuja hapo dukani, itachafua bitana nyumbani.

Sehemu inayoharibika mara nyingi ni ukingo wa mbele, unaoshuka kutoka shingoni hadi ubavuni. Umekatwa mshazari, kwa hiyo unavutika wenyewe hata kwa kushikwa tu, na koti likivaliwa linafunguka kifuani. Piga mshono mmoja nusu sentimita kutoka ukingoni mara tu baada ya kukata, kabla hujakiinua kitambaa mezani. Halafu shonea kwa ndani utepe wa pamba ulio mfupi kuliko ukingo kwa sentimita 1. Upishanaji uwe sentimita 18 hadi 20 kiunoni. Ukipunguza hadi 10, upepo wa bodaboda utaufungua. Funga kwa kamba mbili, moja ndani na moja nje. Kamba ya ndani ndiyo inayobeba uzito, isirukwe.

Kikwapa kisisahaulike: kipande cha mraba, sentimita 10 kwa 10, kama kwenye kanzu. Bila hicho, mkono ukiinuliwa koti zima linapanda. Mipasuo ya pembeni iwe sentimita 45, na mwisho wake wa juu urudiwe kushonwa mara tatu, kwa kuwa hapo ndipo panapochanika kwanza.

Katika mabaraza ya watawala wa Kiislamu wa zama hizo, mkanda wa tarizi kwenye mkono wa nguo ulionyesha cheo. Upe upana wa sentimita 5, sentimita 12 chini ya bega, na uutarizi kabla ya kufunga mkono. Weka karatasi ngumu kwa nyuma, la sivyo kitambaa kinajikunyata. Maumbo ya nyota na pembe yanatosha. Aya za Kurani zisitiwe kwenye nguo itakayoloa jasho na kutupwa kwenye beseni la kufulia.

Wengi watatamani kuongeza lubugo, nguo ya gome la mutuba ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005, na rangi yake ya udongo inapendeza sana kando ya drili nyeusi. Itumie mabegani peke yake, kwa vipande vidogo vilivyoshonewa juu ya pamba, kwa mshono mrefu wa milimita 4. Mishono ya karibukaribu huitoboa kama stempu, ikachanika. Ikiloa inalegea na kuchanika kirahisi, basi iwekee vifungo vya kuibandua kabla ya kufua. Na umwulize mteja kwanza: kwa watu wengi wa Buganda lubugo inahusiana na maziko, na wapo ambao hawataivaa kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa familia ya msichana, hata uishone namna gani.

Bitana ya pamba nyepesi iishie kiunoni. Suruali iwe pana juu na nyembamba kuanzia gotini, mita 2.3 zinatosha. Kofia iwe ngumu, wima, bila shanga.