Siku yangu moja mwaka wa nne: shafti, beringi na korosho za mama mdogo

Saa 11 alfajiri alamu inalia, naizima, inalia tena, naamka tu kwasababu leo zamu yangu ya leth (mashine ya kukereza chuma) ni saa 2 kamili na ukichelewa anapewa mwingine. Nasoma mekatroniki, yani mashine, umeme na kompyuta kwa pamoja. Projekti yangu ni mkanda wa kuchambua korosho kwa ukubwa, maana kule Masasi mama mdogo na wenzake wanachambua kwa mkono kutwa nzima mpaka kiuno kinakufa ganzi.

Saa 12 na nusu nipo kwenye daladala, nimesimama, begi lina mota na kipande cha chuma, konda ananiuliza dogo huo mzigo unaulipia au vipi. Nikajifanya sijasikia.

Saa 2, karakana. Hapa ndo siku yenyewe ilipoharibikia. Nakereza shafti, kile chuma cha mviringo kinachozungusha mkanda, ncha zote mbili zikae kwenye beringi 6204 (namba mbili za mwisho zidisha kwa 5, yani 04 inakupa tundu la milimita 20). Ncha inatakiwa izidi hiyo 20 kiduchu tu, kati ya maikroni 2 na 15 (maikroni 1,000 ndo milimita moja), ili beringi ikamate kwa kugongwa. Nikapima na maikromita, milimita 20.10, nikasema safi, imebaki 0.09 nifike 20.01, nikazungusha mkono wa mashine 0.09 nikapitisha. Kumbe leth ile inahesabu kina cha upande mmoja, chuma chenyewe kinaliwa pande zote, kwahiyo imeondoka mara mbili yake. 19.92! Mzee wa karakana akachukua beringi akaichomeka kwa kidole kimoja, ikaingia yenyewe, akaitikisa, "Mwanangu, hii pete ya kuazima." Jamaa yangu akashauri tuipige sentapanchi (kile kichuma cha ncha cha kutobolea vidoti) kuizunguka chuma kivimbe, mzee akamkata jicho tu. Nikaanza upya na chuma kingine, na bumu lenyewe lilishaisha wiki iliyopita.

Saa 7 mchana, wali maharage kwa mama ntilie, nusu sahani.

Saa 8 mpaka saa 12 jioni, maabara. Shafti ya pili imekaa vizuri, sasa enkoda. Hii ndo inahesabu mizunguko ili Arduino (kile kibodi kidogo cha kompyuta kinachoongoza mashine) ijue mkanda unaenda spidi gani, ila leo nimeshika mkanda kwa mkono haujasogea hata kidogo na namba kwenye skrini zinapanda tu! Nikakagua kodi mistari yote, nikaiandika upya, wapi. Saa nzima imeenda ndo nikaona waya za enkoda nimezifunga pamoja na za mota, yani kelele za umeme za brashi za mota zinaingia kule zinahesabiwa kama mizunguko. Nikazitenganisha, nikalehemu kapasita ya 104 kwenye miguu ya mota imeze hizo kelele, namba zikatulia. Watu wanadhani mekatroniki ni roboti kumbe nusu ya maisha yetu ni waya.

Saa 3 usiku nimempigia mama mdogo kwa furaha zote, namwambia mashine imeanza kuchambua, kubwa huku ndogo kule. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa inabangua?"

"Hapana mama mdogo, inachambua tu."

"Aah. Haya, ukimaliza utaniambia."