Maji ya Vikombe Viwili

Juzi asubuhi binti yangu alinikuta jikoni nikichota maji kwa kikombe na kuyamimina kwenye birika la umeme. Kikombe kimoja, cha pili, basi. Akaniuliza, "Baba, si ujaze tu? Umeme upo." Nikamjibu kuwa nimeshazoea hivyo. Akaondoka na mkate wake, mimi nikabaki nimekishika kile kikombe mpaka birika likajizima lenyewe.

Umeme upo, kweli. Mazoea haya niliyapata mahali ambapo haukuwepo, ndani ya ile Hiace niliyosafiri na kulala na baba yangu, mwezi wa Julai, Njombe. Wala si mimi niliyeyaanzisha.

Baba alikuwa amesikia redioni habari za ngoro, yale mashimo ambayo Wamatengo huyalima mitelemkoni kule Mbinga ili mvua isiondoke na udongo. Akasema anataka kuziona kwa macho yake kabla magoti hayajamgomea. Mtu aliyepalilia mibuni kwenye mteremko tangu utotoni, utamnyimaje safari ya namna hiyo? Chalinze, Morogoro, Kitonga, Mafinga tulizipita salama. Makambako tukakata kushoto.

Nami nilikuwa na langu moyoni. Baba ameichuma kahawa, ameimenya, ameiosha, ameianika, ameipeleka chama cha msingi ikiwa bado na ganda lake. Iliyobaki nyumbani ni ile iliyoelea wakati wa kuosha, na buni za mwisho wa msimu zilizokaukia mtini. Ndiyo tuliyokunywa, siku tulizokunywa, maana kwetu kinywaji ni chai ya maziwa. AA, zile punje kubwa zinazobaki juu ya chekecheke lenye tundu za milimita 7, tuliijua kwa kuiona kwenye karatasi za malipo. Basi nikanunua nusu kilo Moshi mjini, imekaangwa wiki ileile, nikaificha chini ya kiti. Nilitaka Baba ainywe kahawa ya mlima wake ikiwa imetengenezwa inavyostahili, naye amekaa tu, hana la kufanya ila kunywa.

Nilijiona nimejipanga. Nyuma ya kiti kulikuwa na betri ya pili ya ampea-saa 100, mbali na ile ya kuwashia gari. Juu ya paa paneli moja ya sola, chini inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, na birika la umeme la wati 1,000. Hesabu niliipiga kwenye karatasi: betri ya asidi ya ukubwa ule ina kama wati-saa 1,200, na ukitaka idumu unatumia nusu yake tu. Lita moja ya maji baridi mpaka ichemke inakula kama 100. Nikaona nafasi ni tele. Ambacho sikukiandika kwenye ile karatasi ni kwamba birika kama lile linavuta zaidi ya ampea 80 kwa mpigo mmoja, na betri iliyopungua, tena kwenye baridi, inazidiwa na mvuto huo hata kama bado ina akiba. Gesi sikuibeba. Siwezi kulala gari moja na mtungi.

Mama mmoja anayewapikia madereva nje kidogo ya mji alituruhusu kuegesha uani kwake. Tulikaa siku mbili ili Baba apumzishe miguu, na siku zote mbili ukungu haukuondoka. Paneli ilikuwa kama bati tu. Na usiku kucha friji ndogo iliyohifadhi insulini ya Baba ilikuwa ikinguruma.

Asubuhi ya tatu niliamka kabla yake. Kioo cha mbele kilikuwa cheupe kwa umande. Kipimo kilisoma volti 11.9. Nilijua maana yake, betri imepungua mno, lakini ile pakiti ya kahawa ilikuwa imekaa chini ya kiti siku nne, nami nilikuwa nimeshaisubiri sana asubuhi hiyo. Nikajaza birika lita nzima, nikawasha.

Dakika ya kwanza kimya. Ya pili, likaanza kuvuma kidogo. Halafu inveta ikapiga mlio mmoja mrefu, mkali, kama mtoto aliyekanyagwa, na kila kitu kikazima. Birika, taa, hata friji.

Baba akainuka na blanketi mabegani. "Kuna nini?"

"Shikamoo, Baba. Betri imezidiwa."

"Marahaba. Gari litawaka?"

"Litawaka. Hii ni nyingine."

"Ulikuwa unapasha nini?"

Nikamwambia. Nikaitoa na ile pakiti, maana siri haikuwa na kazi tena. Akaifungua, akanusa, akachukua punje moja, akaizungusha kati ya vidole kama anavyofanya akiwa na kahawa mbichi. Kisha akafunua birika, akatumbukiza kidole. Maji yalikuwa ya uvuguvugu.

"Hii kahawa ni ya watu wangapi?"

"Sisi wawili."

Akatoa vile vikombe vyetu vya bati, akachota viwili akavimimina kwenye sufuria, akaniinulia birika. Zaidi ya nusu ya maji ilikuwa bado mle ndani. "Na haya ulikuwa unampashia nani?"

Sikuwa na jibu. Akayamimina kwenye beseni, akanawa uso. Halafu akaifungua friji, akatoa dawa zake, akazifunga ndani ya sweta. "Na hiki kidude kinapoza nini Njombe, mwezi wa saba?" Nesi alikuwa ameshatueleza kuwa chupa iliyokwisha kufunguliwa inakaa wiki nne nje ya friji, mradi pasiwe na joto. Maneno hayo niliyasikia mimi na yeye pamoja. Aliyeyashika ni yeye.

Akashuka garini, akaelekea jikoni kwa yule mama. Nikamsikia akisema "Kamwene", salamu aliyojifunza kwa siku mbili tu, na yule mama akicheka kwa furaha. Baba yangu, na miaka yake yote, alikuwa amekwenda kupalia moto. Akarudi polepole kwenye ukungu ule na kipande cha bati mkononi, makaa matatu mekundu juu yake, na mkono wa pili umeyakinga na upepo. Nikitaka kumkumbuka Baba, hapo ndipo naanzia. Simwoni mtu, naona vile vidoa vyekundu vikinijia taratibu, halafu blanketi, halafu uso.

Akayaweka kwenye jiko la kuazima, akaongeza mkaa, akapepea kwa mfuniko wa sufuria. Mimi nilikaa mlangoni nikisaga kwa kinu cha mkono. Hatukuongea. Kulikuwa na sauti ya kinu, sauti ya mfuniko, na mahali fulani jogoo. Nyumbani Moshi huwa naacha maji yapumzike kidogo baada ya kuchemka yasije yakaunguza kahawa. Njombe, kwa kimo kile, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94, hayana haja ya kusubiri. Nikamimina kidogo, unga ukavimba na kutoa povu, nikahesabu mpaka thelathini, nikamimina yaliyobaki taratibu. Baba alilisogelea lile povu akalitazama kwa karibu.

Akanywa bila sukari, kama inavyompasa. Tama la kwanza, la pili. Akakishusha kikombe gotini.

"Hii ni ya kwetu?"

"Ni ya mlimani, Baba. Kijiji gani, sijui."

Akakaa kimya. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, wala hakunitazama, "Kumbe walikuwa wanakunywa hii."

Akaimaliza yote. Akakifunika kikombe juu ya jiwe.

Mbinga tulifika. Ngoro aliziona, akaingia ndani ya moja, akachukua udongo, akazungumza na wenyeji nusu siku. Njiani nilijifunza kuchemsha maji gari likitembea, alteneta ikilisha betri, na kuyatia kwenye chupa ya chai. Asubuhi yakawa bado ya moto, yanahitaji moto kidogo tu kumalizia. Birika la wati 1,000 halikuwashwa tena gari likiwa limesimama. Lakini kahawa tuliyokunywa siku zile zilizobaki, Baba hakuisemea neno, na mimi sikumwuliza.

Nilimpigia jana. Nikamwuliza kama anaikumbuka ile asubuhi ya Njombe. Akasema anaukumbuka mkaa wa yule mama, mkaa wa miwati, unashika moto haraka. Nikajikaza nikamwuliza alikuwa na maana gani aliposema yale maneno juu ya kahawa.

Simu ikawa kimya mpaka nikadhani imekatika.

"Hivi ile betri," akasema, "ulibadilisha?"

"Nilibadilisha, Baba."

"Vizuri."