Mfuko ulio nyuma ya mlango

Wiki ile Kimbunga Melissa kilipoipiga Jamaika, Oktoba 2025, nilikuwa jikoni nachambua maharage na redio inasema. Mtangazaji alieleza jinsi watu wa kule wanavyojiandaa mapema, maana msimu wao huanza Juni hadi mwisho wa Novemba: mbao za kuziba madirisha, maji na chakula cha siku kadhaa, na kujua ni jengo gani watakimbilia. Mwanangu akauliza, "Mama, na sisi kitatufikia?"

Nikamwambia hapana. Ikweta inapita hapahapa Kasese, Uganda, na kimbunga hakipati nguvu ya kujizungusha karibu na ikweta. Akanyamaza kidogo, kisha akaelekeza kidole nyuma ya mlango. "Sasa mfuko ule ni wa nini?"

Nikayaacha maharage.

Enzi tukiishi bondeni Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, hatukuwa watu wazembe. Kila Machi, kabla mvua hazijakolea, kaka alipanda kukaza misumari ya mabati, mimi nikazibua mtaro, na mama akafunga vyeti na risiti za shule kwenye kavera mbili za plastiki, kisha ndani ya sanduku la bati. Hata tawi la mwovakado lililoegemea paa tulilikata. Maandalizi yetu yote yalikuwa ya maji yatokayo juu. Mto Nyamwamba tulilala nao kila siku, tukausikia usiku kucha, na labda ndiyo maana hatukuuogopa.

Tarehe 1 Mei 2013 ilikuwa Jumatano, sikukuu ya wafanyakazi, watu wako majumbani. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha Rwenzori. Mwaka uliotangulia moto ulikuwa umeteketeza mimea huko juu, na wazee walishasema udongo umebaki bila cha kuushika.

Sikuanza kuona maji. Nilianza kusikia mawe. Mawe makubwa kama meza yanagongana ndani ya mto, na sakafu ya saruji inatetemeka chini ya nyayo zangu. Halafu ikaja harufu, ya udongo mbichi kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi. Jirani akatoka anapiga sufuria kwa mwiko, anaita, "Mto! Mto! Tokeni!"

Mama alinitupia sanduku. Kaka alibeba godoro. Tukapanda kilima na majirani, kwenye matope, mtu anaanguka anainuliwa. Tulipofika juu nilikuwa nimelikumbatia lile sanduku, limekauka kabisa, halina hata tone. Nikasikia fahari. Kisha mama akaniuliza, kwa sauti ya chini sana, "Bibi yuko na nani?"

Nikamtazama kaka. Kaka akanitazama mimi.

Niligeuka. Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi mlangoni, pale pale alipokuwa akiota jua, viatu vyake viko mkononi. Alikuwa amevivua ili visilowe. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanapita chini ya benchi, yamebeba vijiti na sandali ya mtoto. Hakupiga kelele. Alikuwa ametulia kama mtu aliyeambiwa "ngoja hapo, tunakuja." Na hakuna aliyemwambia hivyo. Hakuna aliyemwambia neno lolote.

Kijana mmoja wa bodaboda, wala si ndugu yetu, alishuka mbio, akampa mgongo, akapanda naye. Bibi alifika juu bado ameshika viatu. Akaniuliza kama vyeti vimepona.

Mengine mnayajua. Madaraja yalikwenda, maji yaliingia hadi hospitalini, watu walikufa, na wengi walilala kwa wenyeji waliowapokea. Mei 2020, tukiwa tumefungiwa na korona, mto ulirudi, na hospitali ikapigwa tena. Bibi hakuiona hiyo ya pili. Alifariki kitandani kwake, kwa uzee, na hakuwahi kutulaumu. Ningependa angetulaumu.

Kwa hiyo mfuko ule una tochi, redio ndogo, nakala za vyeti, dawa za presha na vidonge vya kusafishia maji, kwa sababu mafuriko yakikata bomba watu hunywa wanachopata. Lakini kwetu mfuko ni wa pili. Kabla ya mvua za Machi na zile za Agosti tunakaa mezani, kila mtu anataja kwa sauti mtu wake wa kumtoa. Mimi ni wa kitinda mimba. Mume wangu ni wa mama yangu, ambaye sasa magoti hayamsaidii. Jamaika walionywa siku kadhaa kabla. Mlima wetu unaweza kunyeshewa huko juu nasi huku chini tumeanika nguo.

Nilimweleza mwanangu yote hayo. Akafikiri, akauliza, "Na baba akiwa kazini?"

Sikuwa na jibu. Nikarudia maharage.

Kesho yake, baada ya shule, nilimwona amemshika bibi yake mkono, wanapanda njia ya kilimani polepole, anahesabu kwa sauti. Walikawia. Waliporudi alikuja moja kwa moja jikoni, jasho linamtoka.

"Mama, kufika juu tumepumzika mara tatu."