Walipoiweka Mezani

Ilikuwa jioni ya Februari, kwenye mji mdogo wa Marekani, na wazazi wa Kikongo waliotokea Kivu walijaza safu nzima ya ukumbi wa kikao cha bodi ya shule. Ombi lao lilikuwa moja: kituo cha basi la shule kisogezwe karibu na majengo yao, maana watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanakanyaga theluji alfajiri, gizani. Mimi nilikuwa mkalimani wao. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mtu mzima ambaye ndiye angewasemea wenzake. Alikuwa ameandika maneno yake kwenye karatasi ya daftari, akaikunja mara nne, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika hundi.

Ombi liliposomwa, mjumbe mmoja akasema, "I move to table this." Mwingine akaunga mkono. Mikono ikanyooshwa.

"Banasema nini, papa?" mama akaninong'oneza.

"Wanaliweka mezani, mama. Jiandae."

Sikusita hata kidogo, na najua kwa nini. Nimekulia Dodoma, na redio ya baba haikuzimwa Bunge likikaa. Hati zilizowasilishwa mezani zilitajwa mwanzoni, kabla hata ya maswali kwa mawaziri. Masikioni mwangu, jambo lililowekwa mezani ni jambo lililofika mbele ya watu. Bunge letu lilirithi desturi nyingi za Westminster, yaani Bunge la Uingereza, na Mwingereza akisema "table" katika kikao ana maana hiyohiyo: hoja imeletwa, ijadiliwe.

Mmarekani ana maana iliyo kinyume kabisa. Hoja imewekwa kiporo.

Mama akasimama, akaikunjua karatasi yake. Mwenyekiti alikuwa ameshaingia kwenye ajenda ya paa linalovuja. Akamwambia kwa upole kwamba suala lile halizungumzwi tena leo, na ilinibidi nimfasirie hilo pia. Hakuuliza kitu. Aliikunja karatasi kwa mikunjo ileile, akaketi.

Usiku ule sikulala mapema. Nilisoma kwamba Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita, aliligusa neno hilihili katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili. Maofisa wa Uingereza walikuwa na waraka wa haraka, wakawaambia wenzao wa Marekani kuwa wanataka "kuu-table". Wamarekani wakaelewa kwamba unafungiwa kwenye droo na kusahauliwa. Wakabishana kwa muda mrefu, hata kwa ukali, kumbe wote walitaka jambo moja. Lakini wao walibaki chumbani mpaka wakaelewana. Mama yule nilimsimamisha mbele ya watu kwa neno langu, halafu nikamketisha.

Kesho yake nikaenda kwake, nikamwambia kosa ni langu. Alitaka kujua limetokeaje. Palikuwa na meza ya kusomea ya watoto yenye droo, ile tunayoiita mtoto wa meza. Nikamwomba karatasi yake, nikailaza juu ya meza. "Hivi ndivyo nilivyokwambia." Kisha nikaitia kwenye mtoto wa meza, nikasukuma mpaka ukafunga. "Hivi ndivyo walivyofanya."

Akautazama kwa muda.

"Inaweza kutoka mule?"

"Inaweza, mama. Ila mpaka mjumbe mmoja aombe itolewe."

"Basi tutamutafuta uyo mujumbe."

Wakamtafuta, wakampata. Nami kabla ya kikao cha Machi nilimfuata katibu, nikamuuliza ni maneno gani hasa yatakayotamkwa, nikayaandika kiganjani kwa kalamu. Mjumbe yule akasema, "I move to take from the table." Ikapigwa kura, ikapita. Mama akanigeukia, karatasi mkononi, ikiwa imekunjuliwa tayari.

Safari hii meza sikuitaja kabisa.

"Wamelitoa, mama. Simama useme."