Siku ya Eunice: Upepo Mmoja, Namba Tatu

Ijumaa ya tarehe 18 Februari 2022, dhoruba Eunice ikiwa juu ya kusini mwa Uingereza, redio ilitangaza maili 122 kwa saa, yaani noti 106 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Skrini ya kiwanja chetu kidogo cha ndege ilionyesha noti 57. Mwenye ndege mmoja, aliyesimama pembeni ya maegesho na kipima upepo cha mkononi (jambo ambalo simshauri mtu), alishikilia kwamba hajaona zaidi ya 41. Mimi nilikuwa zamu ya kupima hali ya hewa, na simu ililia asubuhi nzima kwa ajili ya namba hizo tatu. Zote zilikuwa sahihi.

Namba ya redio ilitoka Needles, ncha ya magharibi ya kisiwa cha Wight. Kipimo kipo juu ya jabali linaloinuka karibu mita 80 kutoka baharini. Upepo ukigonga jabali hauna pa kwenda ila juu, na ukipanda hubanwa na kuongeza kasi. Ni rekodi halali ya England (Uingereza bila Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini), lakini haimwambii mtu wa bara kitakachomfika paa lake. Siku ile vituo vingi vya nchi kavu kusini vilipata mivumo, yaani vilele vya muda mfupi vya upepo, ya kati ya maili 60 na 75 kwa saa.

Namba yetu ilifuata kanuni ya kimataifa: mlingoti wa mita 10, mahali pa wazi, na kizuizi chochote kiwe mbali angalau mara kumi ya kimo chake. Kipimo chetu kilikuwa cha mawimbi ya sauti, kisicho na vikombe vya kuzunguka, kikisoma mara 4 kwa sekunde. Mvumo ni wastani wa sekunde 3, yaani masomo 12 mfululizo. Kasi ya kawaida ni wastani wa dakika 10. Saa tano na dakika 50 taarifa iliyotoka ilikuwa na 24036G57KT: upepo kutoka nyuzi 240, wastani noti 36, mvumo noti 57, sawa na kilomita 106 kwa saa. Mvumo hauandikwi kabisa kama haujazidi wastani kwa noti 10 au zaidi.

Na yule bwana wa 41? Alikishika kipimo chake kwenye kimo cha mita 2. Juu ya nyasi fupi, upepo wa mita 2 ni kama asilimia 72 tu ya ule wa mita 10, kwa sababu ardhi huukwaruza na kuupunguza. Piga 57 mara 0.72 uone.

Kulikuwa na ya nne pia, ambayo haikufika redioni: kipimo cha zamani cha vikombe juu ya paa la banda la ndege, kilichosoma 64. Ukingo wa paa huharakisha upepo, na vikombe navyo vina kasoro yao: huongeza mwendo upesi mvumo ukija, huupunguza polepole ukiondoka, hivyo kwenye upepo wa mishtuko wastani huvimba. Ningekuwa na uamuzi ningekishusha siku nyingi.

Maandalizi yalifanyika Alhamisi. Jina Eunice lilikuwa limetolewa tangu Jumatatu, tarehe 14, na hiyo ndiyo kazi ngumu ya utabiri: siku nne kabla, mgandamizo mdogo wenyewe ulikuwa haujaumbika, bali ungekuja kukua upesi chini ya mkondo wa kasi wa hewa ya juu. Watabiri huuita ukuaji huo wa mlipuko mgandamizo wa kitovu ukishuka kwa hPa 24 (hektopaskali, kizio cha mgandamizo wa hewa) ndani ya saa 24, kipimo kilichowekwa kwa latitudo 60. Kwenye latitudo 50 hPa 21 zinatosha. Hawaendeshi hesabu moja ya kompyuta, huendesha makumi, kila moja ikianza na tofauti ndogo, kisha hutazama ngapi zinakubaliana. Tahadhari nyekundu ya pwani ya kusini-magharibi ilitoka Alhamisi. Ile ya London na kusini-mashariki ilitoka Ijumaa alfajiri, saa chache tu kabla. Watu walilalamika kuwa imechelewa. Mimi naona ilitoka pale ushahidi ulipofika. Picha za setilaiti zilionyesha wingu limejikunja kama mkia wa nge, na kwenye ncha ya mkia wa aina hiyo hewa iliyopozwa na barafu inayoyeyuka na kukauka huweza kuporomoka hadi ardhini kwa saa chache, kwenye ukanda mwembamba. Ndiyo iliyoangusha miti ya kusini mwa Uingereza Oktoba 1987.

Uwanjani tuligeuza kila ndege iuelekee upepo wa kusini-magharibi, kamba mbawa zote mbili na mkia, usukani ukafungwa. Ndege ndogo kama Cessna 172 inaweza kubebwa na hewa kuanzia karibu noti 50, hata ikiwa imeegeshwa. Mlango wa banda, mita 12 kwa 4, ulitupa hofu zaidi: kwa noti 57 unasukumwa kwa nguvu ya karibu tani mbili na nusu. Nguvu hupanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kutoka noti 40 hadi 57 inakuwa maradufu. Tuliweka magogo kwa ndani na gari zito nyuma yake. Nikiwaza tangazo la upepo mkali wa kilomita 40 kwa saa linalosikika pwani ya Tanzania, hizo ni noti 22 tu; lakini ngalawa baharini ina hesabu yake.

Mchana upepo uligeukia magharibi, ukashuka. Mlango ulisimama, ndege moja ilipinda usukani wa mkia. Jumamosi nilipanda mlingotini kwa kamba ya usalama kukagua kama kipimo kimejizungusha: nilikilenga kwenye mnara wa kanisa ambao mwelekeo wake kutoka kwetu umeandikwa kwenye daftari la kituo. Kilikuwa kimehama nyuzi 4. Nikakirudisha, nikakaza skrubu, maana dhoruba nyingine, Franklin, ilikuwa inaingia Jumapili.