Mumias: Mji Uliojengwa na Posho

Mpagazi wa msafara wa biashara alipimiwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Kwa vipimo vya leo ni kama gramu 680, maana yake gorogoro ya kilo mbili ingemfikisha siku tatu hivi. Zidisha kwa watu 300: kila siku kilo 200 zimeshaliwa. Anayetaka kujua kwa nini Mumias, mji wa magharibi mwa Kenya, ina Wawanga wenyeji, Waswahili, Wanubi na wenye damu ya Kimaasai, aanzie kwenye hesabu hiyo, kisha aje kwa wafalme wa Wawanga.

Misafara ya pwani iliyofuata pembe za ndovu ilipita Naivasha na Baringo, halafu ikapanda uwanda wa Uasin Gishu. Huko hapakuwa na mtu wa kukuuzia hata punje. Wamaasai wa Uasin Gishu walikuwa wameshavunjwa na vita vyao na Wamaasai wenzao, na nchi ikabaki wazi. Mpagazi tayari ana mzigo wa frasila mbili kichwani, karibu kilo 32. Mwongezee posho ya siku kumi, hiyo ni kilo saba nyingine. Wengi walikula haraka ili mzigo upungue, na njaa ikawakuta katikati ya safari. Walipoteremka hadi bonde la Nzoia walikuta wimbi, mtama, viazi vitamu, kunde na kuku, vyote vikibadilishwa kwa shanga, nyaya na kitambaa cha amerikani. Hapo msafara ulitua, ukapumzika, ukanunua chakula cha kwenda Busoga na Buganda au cha kurudi Baringo.

Mwenyeji alikuwa Nabongo, yaani mfalme wa Wawanga, Shiundu, ndiyo maana ramani za zamani zinaandika Kwa Sundu mahali pa Mumias. Vita vile vile vilivyoacha uwanda mtupu vilimletea pia askari: mabaki ya Wamaasai walikimbilia kwake, naye akawatumia vitani. Mwanawe Mumia alirithi kiti mwaka 1882. Mwaka uliofuata akapita msafiri Mskochi Joseph Thomson, aliyekuwa amevuka nchi ya Wamaasai pamoja na mfanyabiashara wa pembe Jumbe Kimameta. Thomson husifiwa kana kwamba ndiye aliyefungua njia. Hapana. Kimameta na watu wa pwani ndio walioijua biashara hii, na Thomson alifuata mkia wao.

Askofu James Hannington aliacha sehemu kubwa ya msafara wake kwa Mumia mwaka 1885, akaenda Busoga na watu 50, na huko akauawa. Lakini kwangu mimi kisa kizito zaidi ni cha barua. Frederick Jackson wa kampuni ya Imperial British East Africa alikuwa amepiga kambi hapa, kisha akaenda kuwinda ndovu upande wa Elgon. Mapema 1890 Mjerumani Carl Peters akafika, akakuta kambini barua zilizoandikiwa Jackson kutoka Uganda, akazifungua na kuzisoma. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alikuwa anaomba msaada. Peters hakungoja, akakimbilia Mengo, makao ya kabaka, na kufunga mkataba wake mwenyewe. Ulikuja kufutwa na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya tarehe 1 Julai 1890. Hebu fikiria: hatima ya Uganda ilikaa siku kadhaa ndani ya bahasha, katika mji wa watu waliokuja kununua wimbi.

Misafara iliacha pia bunduki. Watoro waliziuza, na nyingi zikaishia kwa majirani wa kaskazini, Wabukusu. Kikosi cha askari wa Kisudani wa serikali ya Kiingereza kilichotumwa kuzichukua kiliangamizwa. Mwaka 1895 ofisa Mwingereza C. W. Hobley, aliyekuwa ameshika kituo cha Mumias mwanzoni mwa mwaka huo, akaondoka na jeshi kubwa lenye Wasudani, Wawanga na Wamaasai, wakapigana Lumboka kisha Chetambe, karibu na Webuye ya leo. Wabukusu walipoteza watu wengi na ng'ombe wengi. Baadaye serikali ilimweka Murunga, nduguye Mumia, awe chifu juu ya Wabukusu, na ndugu mwingine, Mulama, juu ya watu wa Marama. Chuki dhidi ya Wawanga unayoisikia hadi leo kwenye mazungumzo ya Bungoma ina mizizi hapo. Si ya kupuuzwa, kwa maana kodi na kazi za lazima zilikusanywa na mikono ya machifu hawa wa Kiwanga.

Askari wale wa Kisudani ndio chanzo cha Wanubi wa Mumias. Usiwachanganye na Waswahili kwa kuwa wote ni Waislamu. Waswahili walikuja na biashara, Wanubi walikuja na jeshi, wakiwa na lugha yao, Kinubi, iliyotokana na Kiarabu. Na wengi wa ukoo wa kifalme wa Abashitsetse walisilimu, kwa hiyo jina la Kiislamu peke yake halikuambii mtu ni wa kabila gani.

Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, hesabu ya kibaba ilikwisha. Behewa moja lilibeba kuliko mamia ya wapagazi. Wahindi walifungua maduka, lakini ukubwa wa mji ulihamia ziwani, na mwaka 1920 makao ya wilaya nayo yakaenda Kakamega. Kiwanda cha sukari kilikuja miaka ya sabini, nacho kina historia yake.

Kwa anayefuatilia ukoo wake, angalia jambo moja linalopoteza wengi. Hadi tarehe 1 Aprili 1902 Mumias ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Babu aliyeandikwa jeshini au kituoni kabla ya hapo, mtafute kwenye nyaraka za Uganda. Ukitafuta kwenye nyaraka za Nairobi tu utarudi mikono mitupu. Tafuta kwa majina yote ya zamani: Mumia's, Kwa Sundu, na Kavirondo, jina la eneo zima. Na ukiambiwa babu alikuwa "Mswahili", uliza kwanza kama alikuja na mzigo, na bunduki, au alisilimu akiwa hapa hapa. Jibu ndilo litakalokuonyesha faili la kufungua.