Siku moja maishani mwangu: natengeneza programu za simu Mombasa, na hivi ndivyo ninavyolipwa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Nikishaswali nafungua laptopu kabla watu wa nyumbani hawajaamka. Sianzi kwa kuandika msimbo, yale maagizo yanayoendesha programu. Naanza kwa ripoti ya usiku: programu imezimika kwa nani, kwenye simu gani, toleo gani la Android. Leo ni simu za bei nafuu zenye kumbukumbu ya GB 2, na programu ni ile yangu ya maji kujaa na kupwa. Wanaoitumia sana ni wavuvi na watu wa mashua, na hao huondoka kwa kufuata maji. Ikizimika saa hizi, imemzimikia mtu aliyekwisha beba nyavu zake. Hitilafu iko kwenye picha ya ramani, ni nzito mno. Naipunguza, najaribu kwenye simu kuukuu niliyoiweka kwa kazi hiyo tu, natuma toleo jipya.

Saa mbili asubuhi

Chai, mahamri na mbaazi, na ukurasa wa mapato ya matangazo.

Wengi wanaoniuliza kuhusu kazi hii huanza hapa, kwa hivyo nieleze vizuri. Programu ya maji ni ya bure na ina tangazo dogo chini ya skrini kupitia AdMob, huduma ya Google. Mwenye programu hulipwa kulingana na matangazo yaliyoonyeshwa na yaliyobonyezwa, na bei hutegemea sana mtazamaji yuko nchi gani. Watangazaji wanapigania macho ya mtu aliye Marekani au Uingereza kuliko ya mvuvi wa Likoni, kwa hivyo tangazo lile lile, kwa dakika ile ile, humpa mwenye programu fedha nyingi zaidi likionekana kule. Watu wangu karibu wote wako pwani hii. Hesabu hiyo haibadiliki hata niandike msimbo safi namna gani.

Leo ni tarehe 22. Google hulipa mapato ya mwezi uliopita kati ya tarehe 21 na 26, mradi salio limefika dola 100. Lisipofika, linasubiri mwezi mwingine. Mwezi huu limefika.

Ningeweza kuongeza kipato kwa kuweka matangazo ya kujaza skrini nzima. Yanalipa zaidi, hilo ni kweli. Lakini mtu aliye ukingoni mwa maji gizani anataka kujua kitu kimoja, maji yanarudi saa ngapi, na siwezi kumwekea tangazo la mchezo wa kamari mbele ya jibu hilo. Asiyetaka tangazo kabisa hulipa shilingi 300 mara moja, na anaweza kulipa kwa M-Pesa humo humo ndani ya Google Play, duka la programu la Google. Duka linachukua asilimia 15, yaani shilingi 45, nabaki na 255. Kiwango hicho cha 15 ni cha dola milioni moja za kwanza kwa mwaka, tangu Julai 2021. Ukipita hapo ni asilimia 30.

Saa nne kasorobo, soko la Kongowea

Hapa ndipo zinapotoka fedha zinazolisha nyumba. Programu yangu ya pili ni daftari la madeni kwa wenye maduka: nani kachukua unga, nani kalipa nusu, nani anafaa kukumbushwa. Siiuzi kupitia Google Play. Namwendea mwenye duka, namwonyesha, tukikubaliana analipa shilingi 1,000 kila mwezi kwenye tili yangu, namba ya biashara ya kupokea M-Pesa. Ndani ya programu kuna mahali pa kuingia tu, hamna kitufe cha kununua, kwa sababu kanuni za Google Play zinataka huduma ya kidijitali inayouzwa ndani ya programu ipitie mfumo wake wa malipo. Ukiruhusu wateja waliokwisha lipa kwingine waingie tu, hujavunja kitu.

"Salaam aleikum, ami."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Umekuja kuchukua pesa zako?"

"Nimekuja kuona kama daftari linakufaa."

"Linanifaa. Lakini niambie, mbona nalipa kila mwezi? Si nimeshanunua?"

Swali hili silichoki. Namweleza kwamba kila mwaka Google Play hudai programu zilingane na toleo la karibuni la Android, na isiyolingana hufika mahali watu wenye simu mpya hawaipati tena dukani. Namkumbusha simu yake ilipoharibika akaweka laini kwenye simu nyingine na madeni yote yakarudi kama yalivyokuwa. Yale hayakuwa yamekaa hewani, yalikuwa kwenye seva, kompyuta ya mtandaoni ambayo nailipia. Ananitazama, anacheka, anachukua simu. Nabonyeza kwenye yangu, dirisha la namba ya siri linamtokea, anaweka, ujumbe unaingia. Kazi hiyo inafanywa na Daraja, mlango wa kuunganisha programu na M-Pesa ambao Safaricom, wenye M-Pesa, iliwafungulia watengenezaji mwaka 2017. Jibu la malipo likichelewa, seva yangu inauliza yenyewe kama fedha zimeingia, ili mtu aliyelipa asifungiwe daftari lake. Ada ya tili haifiki hata asilimia moja. Linganisheni na 15 ya Google Play.

Mwanafunzi wa kompyuta hasomeshwi kutembea sokoni, na mimi naona hilo ni pengo kubwa. Nimejifunza zaidi nikiwa nimeketi kwenye gunia la mchele la ami huyu kuliko kwenye video nyingi za kufundisha msimbo. Kwa mfano, madeni ya mtaani hayana tarehe ya mwisho. Nilipoona hivyo nikaondoa kisanduku cha tarehe, na wenye maduka wakaanza kuandika madeni yote badala ya machache.

Saa saba na nusu, Mtwapa

Mteja wa mkataba. Ana mashua za kutembeza wageni na anataka programu ya kuweka nafasi. Safari ya mashua si bidhaa ya kidijitali, kwa hivyo hapa malipo hayahitaji kupitia kwa Google wala Apple. Wageni watalipa kwa kadi au M-Pesa moja kwa moja. Anataka iwe kwenye iPhone pia, basi namwambia mapema: Apple hutoza dola 99 kila mwaka kwa akaunti ya mtengenezaji, Google dola 25 mara moja tu. Akaunti zote mbili zitafunguliwa kwa jina la kampuni yake. Mali ni yake.

Malipo yangu ni nusu kabla ya kuanza, robo tukifika kwenye majaribio, robo siku ya kukabidhi. Kisha mkataba wa utunzaji wa mwaka, unaolipwa peke yake. Hapo ndipo anapokunja uso. Kuna kijana amemwambia atafanya yote kwa theluthi ya bei yangu, bila huo utunzaji.

Namuuliza mashua zake anazitoa majini mara ngapi kukwanguliwa na kupakwa rangi. Ananyamaza kidogo. Haongezi neno, ila anaomba nimpelekee karatasi ajisomee.

Simlaumu yule kijana, ana kodi ya nyumba kama mimi. Kinachoniumiza ni kwamba bei hiyo itamlazimu aikimbie programu mara tu atakapolipwa, na miezi michache baadaye mteja ataamini kwamba watengenezaji wa hapa hawaaminiki. Tunapouza kazi bila utunzaji tunamharibia soko hata yule ambaye hajaanza.

Saa kumi alasiri, Swahilipot

Kituo cha Swahilipot, cha vijana wa teknolojia na sanaa, kiko Mji wa Kale, karibu na Fort Jesus. Vijana wananisubiri na maswali. Mmoja ana mchezo wa bao mzuri kweli, na anadhani kesho utakuwa dukani. Namwambia akaunti binafsi ya Google Play iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 lazima ipate watu 12 wa kuijaribu programu kwa siku 14 mfululizo kabla ya kutoka. Wenzake pale pale wanajiandikisha kwa zamu.

Anauliza juu ya matangazo. Kwa mchezo, namshauri tangazo la zawadi: mchezaji anachagua mwenyewe kulitazama, anapewa nafasi ya kurudisha hatua moja. Na namwonya asibonyeze matangazo yake mwenyewe wala asiwatume ndugu wabonyeze. Akaunti inaweza kufungwa kwa hilo, na salio likapotea.

Saa tatu usiku

Magharibi imepita, tumekula, sasa ni hesabu. Natoa kwanza gharama ya seva na anwani ya tovuti. Natoa fungu la KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya: mauzo yakiwa kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, kodi ya mauzo ni asilimia 3. Naandaa ankara za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa wenye biashara, kwani tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliwi kwenye hesabu zao za kodi. Mteja makini huidai kabla hujamtajia.

Kwa mwezi huu wenye maduka wameleta fungu kubwa, mikataba inafuata, matangazo yako mwisho kabisa. Imekuwa hivyo kwa muda mrefu.

Mwenye mashua ameandika. Ameisoma karatasi, anataka utunzaji uingizwe ndani ya bei ile ile. Namjibu kwa njia mbili: tuondoe sehemu ya iPhone kwa mwaka wa kwanza, bei ishuke na utunzaji ubaki, au tubaki na kila kitu kwa bei niliyompa. Amesema atanipigia kesho saa tatu.